Raketi Nyeusi ya Boke

Raketi ya Boke ilipasuka Jumamosi jioni, tukiwa tunaongoza. Alikuwa amerudi nyuma kupiga smashi, lile pigo la juu la kumaliza kazi, akaruka, mkono wake ukapita mbali kuliko alivyodhani, na kichwa cha raketi kikagonga ukuta wa kioo wa uwanja kwa kishindo. Wachimbaji waliokuwa wakinywa chai nje ya uwanja wakainuka na vikombe vyao. Tulipoiangalia, raketi ilikuwa na ufa kutoka juu mpaka karibu na mpini.

Boke aliigeuzageuza mkononi, akanitazama, akacheka.

“Zuleha,” akasema, “sasa nanunua raketi ya kweli.”

Mimi sikucheka. Mashindano yalikuwa yanakaribia, na mtu habadilishi jembe msimu wa kupanda ukiwa umeshaanza.

Labda nianze kwa kueleza uwanja wenyewe ulifikaje Nyamongo, maana hata sisi tulishangaa. Mwaka ule bei ya dhahabu ilikuwa imepanda mpaka watu wakaacha mihogo yao shambani Busawe wakaja na sululu. Rashi mpya, yaani watu kukimbilia dhahabu iliyogunduliwa, ilikuwa imetokea nyuma ya vilima, maduara, yale mashimo ya wachimbaji, yakachimbwa kila mahali, na bodaboda hazikulala. Stanslaus, mnunuzi wa dhahabu, alitajirika katika rashi hiyo. Wengine wakitajirika hujenga ghorofa au huongeza mke. Yeye alikwenda Dar es Salaam kumsalimia mdogo wake, akakuta watu wanacheza padeli, akarudi na lori la vioo. Akajenga uwanja nyuma ya gesti yake. Mwanzoni watu walidhani ni bwawa la samaki. Mama mmoja alimuuliza maji yatajazwa lini.

Padeli huchezwa na watu wanne, wawili kila upande wa neti, ndani ya kuta za vioo na uzio wa waya. Mpira ukishadunda chini unaweza kugonga kioo nyuma yako na bado ukaupiga. Raketi yake haina nyuzi. Ni kama ubao mnene wenye matundu. Basi. Mengine utayajua ukishaanza kutokwa na jasho.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge, duka langu liko Nyamisangura, Tarime mjini. Siku za mnada nilikuwa napeleka mzigo Nyamongo, na chakula cha mchana nakula kwa Boke, ambaye anapikia wachimbaji. Boke ni mrefu, mabega yake mapana, na sekondari alikuwa mpigaji wa timu ya voliboli. Siku moja yeye na wenzake wa padeli walipungukiwa mtu wa nne, akanishika mkono, “Ingia tu, utasimama.” Nikaingia na gauni langu refu na ushungi wangu, nikasimama. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimegundua jambo ambalo sikuwa nalijua juu yangu mwenyewe: mimi sipendi kushindwa hata kidogo.

Tangu hapo tukawa wawili. Yeye upande wa kushoto, anashambulia. Mimi upande wa kulia, narudisha. Kila anachokosea yeye, mimi ndiye ninayekikimbilia.

Kwa hiyo habari ya raketi yake ilinihusu.

Mdogo wangu Imrani anauza vifaa vya michezo Tarime. Nilimpigia usiku uleule, na kwa bahati alikuwa na safari ya Nairobi. Alivuka mpaka wa Sirari akakaa huko siku mbili tatu, akarudi na begi refu jeusi analolikumbatia kama mtoto. Alipofika Nyamongo hakupata hata nafasi ya kunawa. Boke alitoka jikoni na unga mikononi, wachimbaji wakaacha sahani zao, Stanslaus mwenyewe akaja, na begi likafunguliwa juu ya meza ya mgahawa.

“Hii ya kwanza,” Imrani akasema, akitoa raketi nyeupe, “ni ya duara.”

“Maduara tunayo ya kutosha, mura!” mchimbaji mmoja akapiga kelele, na mgahawa mzima ukaangua kicheko.

Imrani alisubiri kicheko kiishe. “Kichwa chake ni cha mviringo. Sehemu nzuri ya kupigia iko katikati, tena ni kubwa. Hata ukikosea kidogo, inakusamehe. Ya pili hii ya bluu, umbo lake kama tone la maji. Ina nguvu kiasi, ina utulivu kiasi. Na ya tatu...” Akaishusha sauti kama muuza dawa. “Ya tatu ni ya washambuliaji.”

Ilikuwa nyeusi tii, kichwa chake kipana juu na kuchongoka chini kama almasi. Uso wake ulikuwa na chembechembe kama msasa. Boke aliishika, na uzito wote ukakimbilia juu, mbali na mkono. Aliizungusha mara moja hewani. Ilivuma.

“Mama yangu,” akasema.

Stanslaus aliinama karibu. Pembeni ya raketi palikuwa na maandishi madogo ya fedha: 18K. Macho yakamtoka.

“Karati kumi na nane? Imrani, umeleta dhahabu kwenye begi la michezo?”

“Hapana, bosi. Hiyo ni hesabu ya nyuzi za kaboni, elfu kumi na nane, zilizofumwa humo. Kaboni ngumu. Na ndani kuna povu gumu. Mpira haukai kwenye raketi, ukigusa tu umeshaondoka.”

Stanslaus hakuridhika. Aliukwaruza uso wa ile raketi kwa ukucha, akanusa ukucha wake, ndipo akakubali.

“Lakini hii haisamehi,” Imrani akaongeza. “Sehemu yake ya kupigia ni ndogo, na iko juu. Usipopatia, mkono wote unajua.”

“Mimi pia sisamehi,” Boke akasema, na tayari alikuwa anaelekea uwanjani, unga bado mikononi.

Nilisimama karibu na neti nikaanza kumtupia mipira ya juu. Alianza na nyeupe. Kila mpira aliugusa, kila mpira ulirudi ndani, na kila smashi ilidunda taratibu ikanifikia kifuani kama salamu.

“Ni kama kupiga mto kwa ngumi,” akalalamika.

Akachukua ya bluu, na moyo wangu ukatulia. Hiyo ilikuwa raketi. Mipira ya chini aliiinua vizuri, ya juu aliipiga kwa nguvu ya kutosha, na hakukosea mara nyingi. Nilikwishaanza kukunja mikono nikijua tumemaliza.

Akachukua nyeusi.

Smashi ya kwanza ilikwenda kwenye neti. Ya pili ikagonga kioo cha upande wangu bila hata kudunda, mimi nikajikunja kichwa mikononi. Wachimbaji wakacheka. Boke alirudi nyuma hatua moja, akainua mkono wa kushoto kuuonyesha mpira kama anayemwita mtu, akaruka. Sijawahi kusikia mlio ule. Mpira ulidunda mbele yangu, ukapaa, ukapita juu ya kioo, ukapita juu ya bati la gesti, ukapotelea barabarani. Kisha watu walipiga mayowe kama waliokuta mshipa wa dhahabu, na kijana wa bodaboda akaja akisukuma pikipiki yake, mpira mkononi, akiuliza nani anawatupia watu mawe.

Boke alinigeukia. Uso wake ulikuwa unawaka.

“Umeona?”

“Nimeona,” nikasema. “Nimeona pia mbili za kwanza.”

Tuligombana pale pale, mbele ya watu. Nilimwambia achukue ya bluu, kwamba mtu hashindi mechi kwa mpira mmoja unaovuka bati. Akaniambia mimi nataka mtu asiyekosea, na mtu asiyekosea tayari tunaye, ndiye mimi mwenyewe. Timu ya watu wawili kama mimi itarudisha mipira mpaka Krismasi na haitafunga. Nikasema heri kufika Krismasi kuliko kutolewa asubuhi. Imrani, ambaye tangu utoto anaogopa ugomvi, aliingia katikati yetu.

“Dada, da Boke, sikilizeni. Raketi haichaguliwi mkono ukiwa mpya. Chezeni mpaka mchoke, halafu ndiyo muamue. Na kuna jambo lingine.” Alirudi kwenye begi akatoa raketi nyingine nyeusi, pacha wa ile ya kwanza. “Hizi nilileta mbili. Kwenye karatasi ni sawa, lakini mkononi naona kama si sawa.”

Boke alizishika zote mbili, moja kila mkono, akafumba macho. “Si sawa,” akasema.

“Twende kwenye mzani,” Stanslaus akasema, na nadhani hakuwahi kufurahi hivyo tangu rashi ianze.

Basi sote tukajazana kwenye ofisi yake, pale ambapo kila siku watu hushikilia pumzi wakisubiri vumbi lao la dhahabu lisomwe. Aliiweka raketi ya kwanza, akasubiri namba zitulie. Akaiondoa, akaiweka ya pili. Watu walikuwa wanachungulia dirishani. Ya pili ilikuwa nyepesi kwa gramu kumi na kidogo.

“Gramu kumi!” mtu akasema nyuma yangu kwa uchungu wa kweli. “Kwa gramu kumi mimi najenga.”

Imrani alieleza kwamba viwandani ni kawaida, na kwamba gramu chache zikiwa juu ya kichwa cha raketi, bega hulihisi kila pigo. Akafungia mpini wa ile nyepesi mkanda wa pili wa kushikia, ili uzito urudi kidogo karibu na mkono. Kisha tukacheza. Tulicheza na vijana wawili wa gesti mpaka miguu yangu ikawa ya mtu mwingine. Kwa ile nzito Boke alianza kuchelewa. Mpira wa kasi ukija kifuani raketi ilikuwa bado inapanda. Kwa ile nyepesi mkono ulifika. Alikosea bado, sikatai. Lakini nilikuwa nimechoka mpaka sioni vizuri, na yeye alikuwa bado anaruka.

“Haya,” nikamwambia. “Ichukue. Lakini ukipiga neti sitakuangalia.”

Akanikumbatia mpaka ushungi ukanitoka.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumapili, watu wakitoka kanisani. Zilikuja timu kutoka Tarime, Mugumu, na moja ya Wakenya waliovuka Sirari na ngoma yao. Zawadi ya kwanza ilikuwa mtamba wa ng'ombe, amefungwa kwenye nguzo karibu na lango, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji. Mzee Wangwe, baba yake Boke, alikuwa amekuja asubuhi kumkagua huyo ng'ombe, si kuangalia mchezo.

“Shikamoo, baba,” nikamsalimia.

“Marahaba. Huyu ana kwato nzuri,” akanijibu. “Shindeni tumpate.”

Tulishinda mechi ya kwanza, tukashinda ya pili. Fainali tukakutana na Christina na Felista wa Mugumu, wanaofanya kazi kwenye hoteli ya watalii na wamefundishwa na mwalimu. Christina ana mkono laini kama mtu anayemwaga maziwa. Felista ni mbio tupu. Nimeona swala wavivu kuliko yeye.

Waliisoma raketi ya Boke baada ya michezo miwili. Hawakumpa mpira wa juu hata mmoja. Walimpigia miguuni, chini kabisa, pale raketi ya almasi isipopenda. Mpira wake ukaenda neti, ukaenda kwenye kioo, ukaenda nje. Seti ya kwanza waliichukua hata sijatokwa na jasho vizuri. Kelele za wachimbaji zikapungua, na Wakenya wakaanza kupiga ngoma kwa ajili ya Mugumu.

Tulipokaa kwenye benchi, Boke alifuta jasho usoni. Alinyoosha mkono kwa Imrani aliyekuwa nje ya uzio. “Nipe ya bluu.”

Imrani alikuwa nayo. Aliipitisha langoni. Nikaidaka kabla Boke hajaigusa.

“Hapana,” nikasema.

“Zuleha, wewe ndiye uliyesema...”

“Najua nilisema nini. Sasa nasema hivi. Ukichukua hii, wao watafurahi. Wanaiogopa hiyo nyeusi, ndiyo maana wanakupigia miguuni. Simama nyuma yangu kidogo, mipira ya chini niachie mimi. Nitawarushia juu mpaka wachoke kurudisha chini. Watakapouinua mpira, utauona. Wewe subiri tu.”

“Mimi sijui kusubiri.”

“Leo utajua.”

Kisha akafuta mpini kwa kanga yake, akainuka.

Sasa nikacheza kama sijawahi kucheza. Nilipokea kila kitu. Mipira iliyotoka kwenye kioo cha nyuma niliingoja ishuke, nikairusha juu, juu, mpaka Christina akawa anatazama jua. Miguu yangu iliuma, gauni liliniganda mgongoni, na sikutaka iishe. Kila mara nyuma yangu nilimsikia Boke akijisemea kwa Kikurya. Halafu Christina akachelewa, mpira wake ukapanda kidogo tu kuliko alivyotaka, na nikasikia viatu vya Boke vikiondoka ardhini.

Mlio ule.

Mpira ukadunda ukavuka uzio. Wachimbaji walirudi kwenye waya kama nyuki. Seti ya pili ikawa yetu.

Ya tatu tulikwenda nao bega kwa bega. Tulipofika michezo mitano kwa minne, sisi tukiwa mbele na Christina akianzisha mpira, wakafungana nasi arobaini kwa arobaini. Kwenye mashindano yale hakukuwa na kuendelea mpaka tofauti ya pointi mbili; pointi moja inaamua, na tukiipata sisi tunafika michezo sita, seti na mechi ni zetu. Mtangazaji alikuwa kijana wa redio, akakamata kipaza sauti, akatangaza kwa jina lake halisi la padeli:

“Mabibi na mabwana, sasa ni pointi ya dhahabu!”

Unaweza kufikiria maneno hayo Nyamongo yalifanya nini. Watu walipanda juu ya matenki ya maji. Walipanda juu ya gari la Stanslaus, na Stanslaus alikuwa mmoja wao. “Dhahabu! Dhahabu!” ardhi ikatetemeka. Mtamba akavuta kamba yake.

Kanuni inasema wanaopokea ndio wanaochagua nani apokee. Boke akaniambia, “Pokea wewe.” Hakufikiri hata kidogo.

Christina akaanzisha. Mpira ulikuja chini, ukagusa kioo, nikausubiri, nikaurusha. Felista akaurudisha kwa nguvu miguuni mwa Boke, na Boke, yule Boke, aliuchota taratibu akaurudisha juu bila haraka. Nilitaka kumpigia makofi. Tukaenda hivyo, juu na chini, juu na chini, mpaka watu wakaacha kupiga kelele wakawa wanahesabu kwa pumzi. Kisha Christina akainua. Si sana. Boke akaruka.

Mpira ulidunda kwenye kona yao ukaruka pembeni, ukavuka uzio wa waya, ukatoka nje ya uwanja kabisa. Nikatupa mikono juu. Nilipiga vigelegele. Nilikuwa tayari nimegeuka kumtafuta Imrani.

Lakini Felista alikuwa ameshatoka. Padeli inaruhusu: mpira ukiwa haujadunda mara ya pili, unaweza kuufuata hata nje. Alipita kwenye lango kama mshale, wachimbaji wakatawanyika, mtu akaanguka juu ya ngoma, na yeye huku amenyoosha mkono akaugusa mpira shibri moja kutoka kwenye vumbi. Ukapanda. Ukarudi juu ya uzio, polepole, unazunguka, unakuja upande wetu, na mimi nimesimama mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Boke hakuwa ameshangilia. Alikuwa amesimama karibu na neti, raketi nyeusi mbele ya kifua, anausubiri. Hakupiga kwa nguvu. Aliusukuma tu, kwa upole, kwenye upande ambao Felista alikuwa ameuacha wazi. Christina alijirusha, kiwiko chake kikachubuka, raketi yake ikapungukiwa upana wa kiganja. Mpira ukadunda. Ukadunda tena.

Sikumbuki nani alifungua lango. Nakumbuka vumbi, nakumbuka Imrani analia, nakumbuka mzee Wangwe anafungua kamba ya ng'ombe kabla hata zawadi haijatolewa, akimwambia mtangazaji kwamba yeye hana muda wa hotuba, njia ni ndefu. Felista alirudi uwanjani na magoti mekundu ya udongo, akamkumbatia Boke, akamwambia, “Dada, hiyo kitu uliyoshika naomba niishike.” Akaizungusha hewani mara moja, akapiga mluzi.

Tulikula wote kwa Boke, sisi na wale wa Mugumu na Wakenya wenye ngoma iliyopasuka. Wafanyakazi wake walimkataza kuingia jikoni. Raketi ilizunguka meza kwa meza, kila mchimbaji akiipima mkononi na kutoa bei yake. Christina alikuwa anamuuliza Imrani kama anaweza kupata nyingine kama hiyo, nzito au nyepesi, vyovyote, na Imrani alikuwa anajifanya kufikiria.

Boke alikaa karibu yangu, anatabasamu peke yake. Akaletewa chai. Alipojaribu kuinua kikombe, mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba chai ikamwagika mezani. Akajaribu tena, ikamwagika tena, akaanza kucheka, na mimi nikaanza kucheka.

“Fungua mdomo,” nikamwambia, nikamshikia kikombe, akanywa.